Kulala chini ya paa la nyasi milimani Japani: mama ana pumu, theluji imejaa, twende au tusiende?

"Assalaam aleikum. Niko Nagoya, namalizia shahada ya uzamili. Mama yangu anakuja kutoka Pangani katikati ya Januari na atakaa nami mpaka mahafali yangu mwishoni mwa Machi. Ameona picha za usiku za kijiji cha Shirakawa-go, nyumba zenye mapaa ya nyasi yaliyochongoka, theluji kila mahali na taa zinawaka, na sasa hana habari nyingine. Anataka tulale humo. Mimi naogopa. Ana miaka 67, ana pumu, na magoti yanamsumbua. Nimesoma kwamba ndani ya nyumba hizo wanawasha moto wa kuni katikati ya sebule na wala hakuna bomba la moshi. Nyasi, moto, na theluji ya mita mbili: hiyo si hatari? Mwenzangu wa darasani anasema tusihangaike, kijiji chenyewe ni maonyesho ya watalii tu, hakuna anayeishi. Tena sisi ni Waislamu, na Ramadhani itaingia katikati ya safari yake. Tufanye nini?"

Waaleikum salaam, dada yangu, na mama namkaribisha kabla hajafika.

Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Nendeni, ila msiende Januari, wala msiende kwa ajili ya usiku ule wa taa. Ngojeni Idi ipite, mpande milimani siku za mwisho za Machi, katikati ya juma, mkiwa mmeshaonana na daktari na mmeshazungumza kwa simu na mwenye nyumba mtakayolala. Daktari akikataa, ninalo pendekezo la pili, nalo ni safari nzuri kabisa. Kazi yangu ni kuwapangia na kuwaongoza wageni katika milima hii ya kati ya Japani, na wazee wenye hali kama ya mama nawapokea. Wengi hurudi wameridhika. Wanaoteseka mara nyingi ni walioletwa mbiombio, usiku mmoja, wakasimamishwa kwenye theluji kusubiri picha.

Nimalizane kwanza na mwenzako wa darasani. Amekosea, ingawa najua alikolitoa hilo. Shirakawa-go iko mkoa wa Gifu, na kijiji kinachopigwa picha zaidi kinaitwa Ogimachi. Humo wanaishi watu mia tano na ushei. Mpunga unalimwa katikati ya nyumba, watoto wanakwenda shule, nguo zinaanikwa. Ng'ambo ya mto Shogawa, ukivuka daraja la kuning'inia, kuna makumbusho ya wazi yanayoitwa Minkaen. Nyumba za pale zilihamishwa kutoka vitongoji ambavyo watu waliondoka, na hizo kweli hazina wenyewe wanaolala ndani. Mgeni akianzia pale, hudhani na upande wa pili ni vivyo hivyo. Basi hujikuta anafungua mlango wa mtu, anaingia uani, anapiga picha bibi wa watu akipalilia bustani. Kabla ya korona wageni walikuwa wakipita milioni 1.5 kwa mwaka, katika eneo ambalo wakazi wake wote hawafiki elfu mbili. Barabara kuu ya kasi ilipokamilika mwaka 2008, pamoja na handaki la Hida lenye urefu wa kilomita zaidi ya 10, basi kutoka Nagoya likawa jambo la saa tatu hivi, na watu wakamiminika. Kwa hiyo mkifika, nyumba zilizo wazi kwa wageni zina kibao na kiingilio. Wada ni mojawapo, Kanda na Nagase pia. Zisizo na kibao ni za watu.

Sasa tuje kwenye paa, maana hofu yako kubwa iko juu ya kichwa.

Mama wa Pangani anajua kuezeka kuliko mimi, kwa hiyo mwambie hivi. Makuti ya kwetu ni mepesi, paa lake halina mwinamo mkali, na baada ya masika kadhaa yanaanza kuoza na kudondoka. Paa la milima hii limeezekwa kwa mashina ya nyasi ndefu zilizokatwa vuli zikiwa zimekauka, zikafungwa matita, zikalazwa tabaka juu ya tabaka mpaka unene ukapita nusu mita. Mvua ikinyesha, tone linashika shina la juu, linateremka, linahamia shina la chini yake, na hivyo hivyo hadi ukingoni. Sehemu ya juu tu ndiyo inayolowa; ndani kunabaki pakavu. Lakini hilo linawezekana ikiwa maji hayapati nafasi ya kutulia, na ndiyo sababu paa limesimamishwa kwa mwinamo mkali mno, unaofika digrii 60. Mwinamo huo huo ndio unaopunguza theluji isilale yote juu. Haina maana kwamba theluji yote huteremka yenyewe. Ikizidi, wenyeji hupanda na makoleo, nayo ni kazi ya hatari inayohitaji mazoea.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wengi hupita bila kuliona. Simama mahali popote Ogimachi utazame nyumba: karibu zote zimeelekea upande mmoja, kama waliokubaliana. Bonde la Shogawa limenyooka kaskazini na kusini, na upepo hupita humo humo. Nyumba zimewekwa ili pande zake nyembamba za pembetatu ndizo zikabili upepo, na mabawa mawili makubwa ya paa yatazame mashariki na magharibi. Asubuhi jua linayeyusha theluji na kukausha nyasi za bawa moja, alasiri linahamia la pili. Hakuna bawa linalokaa kivulini siku nzima likioza. Msanifu majengo Mjerumani Bruno Taut alipofika huku mwaka 1935 alizisifu sana nyumba hizi kwa namna kila kitu ndani yake kilivyo na sababu, na mimi nakubaliana naye kila ninapozitazama.

Mkiingia ndani, mwombe mwenyeji akuonyesheni mguu wa kenchi, penye kukutana paa na ukuta. Magogo mawili makubwa yanaegemeana huko juu, na chini kila gogo limechongwa likaisha kwa ncha nene. Ncha hiyo imekaa tu ndani ya kishimo kilichochimbwa kwenye mtambaapanya. Haikupigiliwa msumari. Upepo ukisukuma, au theluji ikielemea bawa moja, au ardhi ikitikisika, gogo linajigeuza kidogo ndani ya kishimo chake na kurudi, badala ya kupasuka. Utasikia ikisemwa kwamba nyumba nzima haina msumari. Usemi huo unalihusu paa hasa, ambalo kuanzia hapo kwenda juu lilikuwa kazi ya wanakijiji wenyewe, wakati sehemu ya chini walijenga maseremala. Mapau na fito vimefungwa kwa kamba za majani ya mpunga, na kwa vijiti vya mti mchanga wa porini, neso, ambavyo hupondwa vikiwa vibichi mpaka vilainike, vikafungwa, kisha vikikauka hukaza vyenyewe. Shika kimoja uone. Kimekuwa kigumu utadhani chuma.

Kwa hiyo theluji kulibomoa paa juu yenu, ondoa hofu. Hatari ya theluji ipo nje, na nitaieleza, maana Machi ndio wakati wake.

Moshi ndio penye ugumu wa kweli, na hapo hofu yako ni ya haki. Katikati ya sebule kuna shimo la mraba lililojazwa majivu, linaitwa irori. Kuni zinawaka, birika la chuma linaning'inia kwa ndoano kutoka juu. Juu ya moto, kwa kamba, umetundikwa ubao mpana. Kazi yake ni kuzuia cheche zisipande kwenye nyasi, na kuutawanya moshi na joto pande zote. Sakafu za darini zimeachwa na nafasi kati ya mbao, kwa makusudi. Moshi unapenya hapo, unapanda orofa kwa orofa, na kutokea kwenye nyasi zenyewe na madirisha ya pembetatu. Zamani darini ndiko walikofuga viwavi wa hariri, na joto hilo liliwafaa. Chini ya sakafu, pembeni ya irori, walifukia udongo pamoja na kinyesi cha viwavi na majani ya porini, wakavuna shura ya kutengenezea baruti. Vijiji vya jirani vya Gokayama viliipeleka kwa watawala wa jimbo la Kaga. Nyumba moja ilikuwa makazi, kiwanda na ghala.

Moshi huo ulikuwa unalitunza paa. Hukausha nyasi kwa ndani, hufukuza wadudu, na masizi yake hushika kwenye magogo na kamba kama rangi nyeusi inayong'aa, ikizuia kuoza. Paa lililofukizwa kila siku huweza kudumu miaka 30 au 40. Familia zilipohamia kwenye gesi na umeme, mapaa yakaanza kuchakaa mapema zaidi. Unaona mtego ulipo: nyumba ambayo moto unawaka ndani kila siku ndiyo iliyo hai zaidi, na ndiyo itakayombana mama kifua.

Lakini kulala kwenye nyumba ya wageni si kulala kando ya irori. Vyumba vya kulala viko mbali na sebule, vimetengwa kwa milango ya kusukuma, na nyumba nyingi siku hizi huwasha mkaa kidogo wakati wa chakula cha jioni, au hawawashi kabisa. Moshi mwingi uko kwenye zile nyumba za kiingilio, ambako kuni huwashwa mchana ili kulitunza paa, nako mgeni hupanda darini, yaani anaufuata moshi kule kule unakokwenda. Mama asipande. Ngazi zenyewe zimesimama wima na magoti yake hayataziweza. Abaki chini, karibu na mlango, atazame dakika chache, atoke. Wewe panda umpigie picha za juu.

Kuna kitu ambacho naona ni hatari kwake kuliko irori, na hujakitaja: hita za mafuta ya taa. Milimani ndizo zinazotumika sana, chumba kimefungwa, dirisha limezibwa kwa baridi. Hewa yake huwakera wengi wenye pumu, na ikiwa haina njia ya kutolea hewa chafu nje inaweza kuleta sumu ya kaboni monoksidi. Kwa hiyo unapopiga simu, usiulize tu kama kuna nafasi. Uliza kama irori huwashwa kwa kuni au mkaa, na saa ngapi. Uliza chumba chenu kiko umbali gani nayo. Uliza kama chumba kina kipasha joto cha umeme. Uliza kama kuna kiti na meza ya kawaida, maana bila kusema atakalishwa sakafuni, na kuamka kutoka kwenye godoro la futon lililotandikwa chini itakuwa mtihani wa kila asubuhi. Mwenye nyumba atakuambia ukweli; watu hawa wanapendelea kukataa mgeni kuliko kumpokea wakashindwa kumtunza. Wakisema hawawezi, usilichukulie vibaya, piga kwingine.

Kuhusu moto wenyewe, kijiji kinauogopa kuliko wewe. Kuvuta sigara ni marufuku nje ya sehemu zilizotengwa, na fataki haziruhusiwi. Kila siku watu wa mtaa, kwa zamu, huzunguka wakikumbushana kuangalia moto. Kati ya nyumba utaona vibanda vidogo vya mbao. Ndani yake imefichwa mizinga ya kurushia maji, 59 kwa jumla, inayopata maji kutoka bwawa lililo juu mlimani, ili yashuke kwa uzito wake hata umeme ukikatika. Kila vuli huifungulia yote kwa pamoja kwa mazoezi. Novemba 2019 vibanda vya karibu na maegesho viliungua, mizinga ikafunguliwa, na nyumba za urithi hazikuguswa.

Uliza pia habari za yui, yaani kusaidiana kazi kwa zamu, hata kama mama hatasikia Kijapani. Wewe mtafsirie, atacheka kwa kuwa anayajua. Kuezua na kuezeka upya bawa moja la paa lazima kwishe haraka, ikiwezekana kwa siku moja, kwani nyumba iliyo wazi mvua ikiikuta imeharibika. Mwenye nyumba hawezi peke yake, wala na ndugu zake. Basi kijiji kizima kinatoka: msaragambo hasa. Waliandika kwenye daftari nani alileta matita mangapi ya nyasi, nani kamba, nani siku ngapi za kazi, ili zamu yake ikifika alipwe vile vile. Mwaka 2001 nyumba ya Nagase iliezekwa upya na watu wapatao 500. Siku hizi mafundi wa kulipwa hufanya sehemu kubwa ya kazi na serikali huchangia gharama, lakini desturi haijafa. Na haikubaki kwa bahati. Bwawa la umeme la Miboro lilipokamilika mwaka 1961 lilizamisha vitongoji vya juu ya mto, na nyumba nyingi ziliuzwa na kung'olewa. Mwaka 1971 watu wa Ogimachi walikubaliana kwa maandishi: hatuuzi, hatupangishi, hatubomoi. Hifadhi ya kisheria ilifuata 1976, na UNESCO ikakiandika kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1995 pamoja na vijiji viwili vya Gokayama mkoani Toyama, Ainokura na Suganuma. Ndiyo maana nakusihi mlale, kama mwili utaruhusu. Mgeni wa saa mbili hununua picha. Anayelala analipa moja kwa moja kaya inayolibeba paa lile.

Sasa uamuzi.

Usiku wa taa, ambao mama ameuona pichani, hufanyika jioni chache tu za Januari na Februari. Ulianza 1986, na tangu 2019 hauingii bila kuwa umehifadhi nafasi mapema. Vyumba vya kulala usiku huo hugombewa sana. Sehemu ya kutazamia iko juu ya kilima, njia ni barafu, watu ni wengi, na hewa huwa chini ya sifuri. Hewa baridi kavu peke yake humbana mwenye pumu, hata pasipo moshi. Siwashauri, na nisingebadilisha jibu hata kama ungekuwa na tiketi mkononi.

Kulala mwishoni mwa Machi ndilo pendekezo langu. Theluji bado ipo kwenye vivuli na kando ya njia, kwa hiyo mama ataigusa. Usiku ni baridi, mchana unavumilika, barabara ziko wazi, na wageni wamepungua. Nisikufiche: uzuri wa wakati huo ni wa mchanganyiko. Kuna matope, mashamba bado ni ya kahawia, na picha hazitafanana na zile alizoziona. Mngekuwa huru kuchagua mwezi wowote, ningesema Mei, maji ya mashamba ya mpunga yanapoonyesha mapaa kichwa chini, au mwisho wa Oktoba majani yanapogeuka rangi.

Daktari akisita, au nyumba zote zikajibu kwamba wanatumia mafuta ya taa, laleni mjini Takayama kwenye hoteli ya kawaida yenye lifti na kitanda. Basi la Takayama hadi Ogimachi ni kama dakika 50. Mnafika saa nne asubuhi, mnatembea tambarare, mnakula, mnarudi kabla giza halijaingia. Kama magoti yamezidi, fikirieni Suganuma badala ya Ogimachi. Ni kijiji kidogo chenye nyumba tisa za namna hii, mtu anakizunguka bila kuchoka, na kutoka maegesho ya juu kuna lifti ya kushuka bondeni. Watu huidharau kwa udogo wake. Kwa mzee naiona bora.

Chakula kisikutishe, ila semeni siku ya kuhifadhi nafasi, si mkishafika. Mezani huja samaki wa mto aliyebanikwa kwa chumvi, tofu, mboga za porini, wali, supu ya miso, yaani soya iliyochachushwa. Nyama ya ng'ombe wa Hida huchomwa kwenye jani kubwa pamoja na miso. Hiyo haikuchinjwa kwa taratibu zetu, waombeni wawape samaki badala yake. Penye kujificha ni viungo: mirin na sake, ambazo ni pombe za mchele, hutiwa kwenye michuzi mingi, na baadhi ya miso na sosi ya soya huongezwa pombe. Andika kwa Kijapani, wazi: hatuli nyama, hatutumii pombe hata ya kupikia. Wapo watakaowapikia kwa chumvi tu, wapo watakaosema hawawezi. Beba tende na mkate kwa tahadhari. Ni moja ya sababu nimesema baada ya Idi, kwani chakula cha jioni huandaliwa saa kumi na mbili kwa wote na daku haiwezekani kwa nyumba ndogo kama hizi. Swala haina shida: vyumba vyenye mikeka ya tatami ni safi, viatu huachwa mlangoni, na kibla ni magharibi, ukiinama kidogo kaskazini.

Kuhusu dawa, shughulikia hili kabla mama hajapanda ndege. Japani inaruhusu mtu kuingia na dawa za kuandikiwa na daktari za mwezi mmoja tu. Yeye anakaa zaidi ya miezi miwili, kwa hiyo ama mwombe mapema kibali kiitwacho Yunyu Kakunin-sho, ama aje na za mwezi mmoja pamoja na barua ya daktari, kisha aonwe na daktari Nagoya. Pia akague dawa za mafua anazozibeba: zenye pseudoephedrine kupita asilimia 10 ni marufuku hapa, hata kama Tanga anazinunua dukani. Na akatiwe bima ya safari inayotaja pumu kwa jina, kwa vile mgeni hulipia matibabu yote mfukoni.

Kwa daktari msiende kuomba ruhusa tu. Mweleze mambo matatu: usiku wa baridi karibu na sifuri, moshi wa kuni au mkaa kwa muda mfupi, na kuwa mbali na hospitali kubwa. Kijijini kuna huduma ndogo ya afya. Hospitali kubwa iko Takayama, ng'ambo ya milima. Aseme dawa ya kuvuta itumike vipi kabla ya kutoka nje, na dalili ipi ikitokea msingoje. Kama amelazwa kwa pumu miezi ya karibuni, au anaamka usiku akikohoa, au anahitaji pampu ya dharura mara kwa mara juma zima, safari ya kulala iahirishwe bila mjadala. Mimi naweza kukuambia nyumba. Kifua chake ampime aliyesomea.

Huko juu avae viatu vyenye soli ya kushika na vinavyovuliwa upesi, skafu puani na mdomoni akiwa nje, pampu mfuko wa ndani ya koti isigande kwa baridi. Na ile hatari niliyoiahidi: jua la Machi likipiga, tonge zima la theluji huachia paani na kuanguka bila kelele ya kutosha kukustua. Lina uzito wa kumfukia mtu. Msitembee wala kusimama chini ya ukingo wa paa, hata kama hapo ndipo penye kivuli au njia iliyo kavu. Usikodi gari pia, kama hujawahi kuendesha kwenye barafu. Mabasi yanatosha, ila kateni tiketi ya kurudi pamoja na ya kwenda.

Akianza kubanwa, mtoeni kwenye chumba chenye moshi au hita, mkalisheni wima, apige pampu kama alivyoelekezwa. Asipotulia, au akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, piga 119, sema "kyukyusha", kisha jina la nyumba na "Ogimachi, Shirakawa-mura". Gari la wagonjwa halilipishwi. Mwamshe na mwenye nyumba hata kama ni saa nane za usiku.